Mgongo wa Mita Tatu na Nusu

Wateja wangu wa siku hizi wananitia hasira kabla hata sijanywa chai. Mtu anakuja na simu, ananionyesha picha aliyotumiwa na shangazi yake, ambaye naye alitumiwa na jirani, picha yenyewe ndogo kama stempu. Anataka niitayarishe kwenye kompyuta ili ichapwe kwenye bashi, lile turubai la plastiki, mita nne kwa tatu, kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Namwambia picha haina kitu ndani. Ananijibu, "Papa, si utaivuta tu?" Kuvuta! Picha si mpira. Ukiikuza picha ambayo macho yake ni nukta mbili, utapata nukta mbili kubwa, na bibi harusi hatakusamehe.

Basi nawasomea sheria zangu. Kwanza niambie itatundikwa wapi, na watu watasimama umbali gani. Pili, acha nafasi pembeni ya kukunja na kutoboa, usimweke baba mkwe ukingoni, atakatwa sikio. Na kama mashine itachapa vipande viwili vya kuunganishwa, hakikisha vyote viwili vina kipimo kimoja. Hapo kwenye kipimo huwa napandisha sauti. Wananisikiliza kwa heshima kwa sababu nina mvi, halafu wakifika nyumbani wanavuta picha wenyewe.

Sheria hizo sikufundishwa na kompyuta. Nilizipata Kamina, mji wa reli kusini mwa Kongo, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati wa vita, katika kazi moja ambayo mpaka leo naionea fahari na aibu kwa pamoja.

Wakati huo nilikuwa mchoraji wa plani katika karakana ya reli. Kazi yangu ilikuwa kuchukua mchoro mdogo wa kipande cha chuma na kuukuza, mstari kwa mstari, mpaka fundi aweze kuusoma hata mikono yake ikiwa imejaa grisi. Vita vilipokata njia ya kaskazini, treni zikawa chache na vipande vya chuma vya kuchora vikaisha. Nilibaki na penseli zangu, rula yangu ndefu na kiburi changu. Penseli zilipungua.

Asubuhi moja akaja nyumbani mama mmoja ambaye soko zima lilimjua kwa chumvi na vitambaa. Familia yao ni Waislamu wenye asili ya Maniema, wafanyabiashara tangu enzi za babu zao. Mume wake alikuwa amesafiri na marobota ya vitambaa kwenda Kongolo, na vita vikamkuta hukohuko. Ilikuwa miezi saba sasa, hakuna barua wala salamu. Kila treni ilipofika kutoka Bukama, imejaa watu waliokimbia, mama huyu alikwenda stesheni kuwauliza mmoja mmoja. Lakini watu walikuwa wengi, wamechoka, na yeye mdomo wake ni mmoja.

"Fundi," akaniambia, "nataka umufanye mukubwa. Mukubwa sana. Bantu bakishuka mu treni, baone yeye mbele ya kuona kintu ingine."

Akanipa kadi ya zamani ya kitambulisho cha mume wake. Ndani kulikuwa na picha ya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Katika uso ule, serikali ilikuwa imechukua nusu kwa muhuri wake, unyevu umechukua robo, na robo iliyobaki ilikuwa ya kijana wa miaka ishirini, wakati mwenye uso mwenyewe alikuwa amekaribia hamsini. Hata hivyo nikachonga penseli. Nikachora mistari midogo juu ya picha, ya kusimama na ya kulala, nikapata karo, yaani miraba midogo. Ndivyo tulivyokuza kitu siku zile: unagawa picha ndogo katika karo ndogo, unagawa ukuta katika karo kubwa, na kila kilichomo katika karo ndogo unakihamishia kwa ndugu yake mkubwa. Nikazihesabu karo zenye kitu ndani. Zilikuwa tisa.

"Mama, hatuna jicho la kushoto," nikamwambia. "Nieleze mwenyewe. Jicho lake likoje? Na sikio, limelala au limesimama?"

"Sikio iko sikio tu."

"Pua?"

Akafikiri. Nikamtania kwamba mwanamke akiulizwa pua ya mumewe hana haja ya kufikiri. Hakucheka.

"Papa fundi, uso yake siko naiona tena muzuri," akasema. "Nikifunga macho inakuya. Nikitaka kuishika inakimbia." Kisha akalia, pale kwenye kiti changu, kwa sauti ndogo, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimemfanyia mzaha mtu aliyekuwa anampoteza mume wake mara ya pili.

Kesho yake akarudi na shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, mzee mwenye ndevu zilizokatwa kwa uangalifu kuliko mchoro wangu wowote. Alikuwa amesikia habari na hakupendezwa nayo.

"Sura ya muntu, mukubwa kama nyumba, bantu bainue macho baiangalie?" akasema. "Kwetu hatufanyake vile."

Nikataka kubishana, lakini mkuu wa stesheni naye alikuwa amenikatalia asubuhi ile. Ukuta niliouhitaji ulikuwa wake, ule wa ghala unaotazamana na treni. Aliniambia kwamba katika nchi hii uso mkubwa wa kutundikwa ukutani ni wa mtu mmoja tu, na kwamba yeye hakuwa tayari kufukuzwa kazi kwa ajili ya pua ya mwuza vitambaa. Dini imekataa, serikali imekataa, na picha yenyewe haina jicho. Nikaanza kukusanya penseli.

"Basi mufanye mugongo," akasema mama.

Tukamtazama.

"Mugongo yake njo naijua. Miaka makumi mbili niko natembea nyuma yake. Ku soko, ku shamba, ku matanga. Uso yake anaionyeshaka bantu ba soko. Minyi mwenyewe, yangu iko mugongo."

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka sana. Lakini mama alikuwa amekwisha simama. Akachukua kiti changu, akakiweka begani, akavuka ua kutoka mlangoni mpaka kwenye mti wa mapera. Na yule mzee mwenye ndevu, ambaye alikuwa amekuja kukataza, akashika mdomo. Katika mwendo ule alikuwa amemwona mdogo wake anapita.

Mzee akazishika ndevu zake, akatafuta dhambi ndani ya mgongo. Aliitafuta kwa muda. "Mugongo haina macho," akasema mwishowe, na hiyo ikawa fatwa yake. Mkuu wa stesheni nilipompelekea hoja hiyo alicheka mpaka kofia ikaanguka, akasema hajawahi kuona amri yoyote iliyotoka Kinshasa kuhusu migongo.

Nakiri kwamba wiki iliyofuata ilikuwa kati ya zenye furaha katika maisha yangu. Hakukuwa na picha ya kukuza, kwa hiyo ilibidi kwanza nitengeneze ile ndogo, na mchoro mdogo ukiwa na kosa, mkubwa utakuwa na kosa lilelile limenenepa. Mzee akawa mfano wangu. Kila asubuhi baada ya sala alikuja na kanzu na koti la kijivu na kofia ya kufuma, akasimama uani amenipa mgongo. Shemeji yake alikaa kando yangu akitoa amri. Mzee alikuwa mwembamba kuliko mdogo wake, basi tukamjaza mito ndani ya koti.

"Shingo iko mubaya," mama aliniambia. "Shingo yake inakunjamaka mara mbili, hapa na hapa. Weye umeweka shingo ya kuku."

"Shingo yangu?" mzee akauliza bila kugeuka.

"Usigeuke, shemeki!"

Majirani wakaanza kuja na karanga zao za kumenya, wakikaa kwenye kivuli kutazama. Mmoja akaniuliza ni kwa nini yule mzee amepewa adhabu. Nilichora karatasi kumi na moja. Ya kumi na moja mama aliishika, akaipeleka mbali, akaileta karibu, akapitisha kidole kwenye mikunjo miwili ya shingo, akanirudishia. Nikajua imekubaliwa.

Sasa kukuza. Kutoka mlango wa behewa mpaka ukuta wa ghala ni hatua arobaini. Nilizipima mwenyewe, mara mbili, nikisukumana na wabeba mizigo. Kwa umbali huo mshono wa koti hauonekani, mkunjo wa kitambaa hauonekani. Kinachoonekana ni shingo, mabega na namna mtu anavyosimama. Nikaamua urefu uwe mita tatu na nusu. Mama akatoa merikani, kile kitambaa kizito cha pamba, iliyobaki dukani, ikatosha vipande vitatu vya kusimama. Kipande cha nne, cha upande wa kushoto, tulikipata kwa kufumua mifuko ya unga wa ngano, iliyofuliwa mpaka maandishi yakafifia.

Hapa ndipo penye aibu yangu, nami sijawahi kuiandika.

Kitambaa cha kuchorwa lazima kipakwe kwanza uji mwepesi wa unga wa muhogo, kikauke, kikaze, ndipo upige karo. Kila mtu wa kazi anajua hivyo. Haraka haraka haina baraka, hilo nalo nalijua, lakini mkuu wa stesheni alikuwa ameniambia kuna treni ya Bukama Alhamisi, na mama akawa ananitazama. Nikapiga karo kwanza, kwa uzi uliopakwa makaa, kwenye vipande vyote vinne vikiwa vikavu. Kisha ndipo nikapaka uji. Merikani ikatulia kama mtu mzima. Kile cha mifuko ya unga kikasinyaa. Na kwa kuwa nyumba yangu ni ndogo, nilikipaka rangi kila kipande peke yake ukutani, kwa rangi ya mabehewa iliyobaki kwenye makopo ya karakana, nikijaza karo kwa karo, nikiamini karo zangu kuliko macho yangu. Siku ya kushona nilianza chini, nikapanda juu. Chini vyote vilikutana vizuri. Kiuno kikaanza kupishana. Nilipofika mabegani, bega la kushoto lilikuwa limeshuka chini ya la kulia kwa upana wa kiganja kizima, na juu kitambaa kimepungua, nikalazimika kuongeza kiraka.

Mimi, mchoraji wa plani! Niliyewahi kumgombeza mwenzangu kwa nusu milimita!

Sikuwa na muda wa kurudia wala mfuko mwingine wa unga. Nikapaka rangi nyeusi juu ya maungio, nikaandika chini kwa herufi kubwa MULIMUONA WAPI?, tukakunja, tukabeba. Wanaume wanne walilipandisha turubai letu kwenye ukuta wa ghala kwa kamba. Mama alisimama kwenye reli, hatua arobaini kamili, mikono kichwani. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kujitetea, yote ya kitaalamu.

"Eh, fundi," akasema, "umeweka na bega! Nilisahau kukuambia bega. Marobota ya vitambaa njo ilimulaza vile. Umejuaje?"

Nikatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu anayejua mambo. Mungu anisamehe.

Kamina yote ikaja kutazama. Wengine walisema ni mtu aliyekasirika na treni. Wengine walisema ni picha ya serikali, maana na yenyewe imetupa mgongo siku nyingi. Askari mmoja akazunguka nyuma ya ghala kutafuta upande wa uso. Mbuzi wa mtaa wa stesheni waligundua uji wa muhogo kabla ya mtu yeyote, wakalamba kitambaa mpaka mahali shingo zao zilipofika, ikabidi tulipandishe juu zaidi. Mimi nilipita pale kila siku nikiwa nimeingiza tumbo ndani.

Fahari hiyo ilidumu mpaka mzee alipoongea nami pembeni. "Ile bega," akasema, "ndugu yangu hana bega ya vile. Tulikua pamoja. Mabega yake iko sawasawa."

Kuanzia hapo sikupata raha. Ikiwa kaka anasema hivi na mke anasema vile, nani anamjua mtu? Nikaanza kuogopa kwamba kosa langu limeingia kwenye kumbukumbu ya mama. Uso ulikuwa umekwisha mkimbia, na sasa mgongo, kitu pekee alichobaki nacho, nimeuharibu kwa mfuko wa unga. Anamtafuta mtu ambaye nimemtengeneza mimi. Na mume wake wa kweli, kama yu hai, watu waliomwona watapita chini ya picha yake bila kumjua. Treni ya Alhamisi ilikuja, hakuna aliyesimama. Ikaja nyingine, na nyingine baada ya wiki mbili. Watu walitazama juu, wakasoma, wakaenda zao. Mama alikuwepo kila mara na beseni lake la chumvi, akiuza vijiko, jicho kwenye milango ya mabehewa. Mimi pia nilikuwepo. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie ukweli, mara tatu nikanunua chumvi. Nyumbani kwangu kulikuwa na chumvi ya kutosha kijiji kizima.

Treni ya tano, akashuka mwanamke mmoja na mkeka kichwani na mtoto mgongoni. Akapiga hatua tano, akatazama ukuta, akasimama. Watu wa nyuma yake wakamgonga, hakusogea.

"Ile muntu," akasema, si kwa mtu yeyote.

Mama akawa amefika kabla yangu. "Unamujua?"

"Namujua."

"Anaitwa nani?"

"Jina sijui."

"Uso yake iko namna gani?"

"Uso sijui, mama. Tulikimbia mu pori siku kumi na moja. Tulitembea mustari moja, kila muntu nyuma ya mwenzake. Balituambia: angalia mugongo ya mbele yako, usiangalie pembeni, usiangalie nyuma. Kila muntu alikuwa na mugongo yake ya kufuata." Akanyoosha kidole kuelekea ukutani. "Minyi, yangu ilikuwa hii. Nimeijua ku bega. Ile ya kushoto inalala. Nikichoka nilikuwa naangalia ile bega, nasema, kama inaenda, na minyi nitaenda."

Mimi nilikuwa tayari nimeamini. Lakini mama ni mfanyabiashara, haamini bei ya kwanza.

"Akijikwaa alikuwa anasema nini?"

Mwanamke akafikiri, kisha, kwa uchovu wake wote, akatabasamu. "Alikuwa anasema Bismillahi. Kisha anaomba jiwe samahani."

Mama akakaa chini. Alikaa juu ya beseni la chumvi, beseni likapinduka, chumvi ikamwagika mpaka relini, na hakuna aliyejali, hata mimi niliyekuwa nimeinunua kwa wingi. "Iko wapi?" akauliza. "Sema mbiyo. Iko wapi?"

"Tulimuacha Mulongo, kando ya muto. Miguu ilikuwa imevimba, hawezi tena. Bavuvi balimupokea. Iko anabashonea nyavu." Akautua mkeka wake. "Anashona mubaya, lakini banamupenda."

Mzee alipanda treni ya kurudi Bukama siku ileile, na mtumbwi baada ya treni. Sisi tuliobaki tulisubiri majuma sita. Mama aliacha kuuza chumvi stesheni, akasema sasa anangoja kama mke, si kama mwuzaji. Nilimwona akipita sokoni na midomo ikisogea bila sauti, na sikuthubutu kumsalimu. Kama yule mtu atakuwa amekufa kwa miguu, nilifikiri, nitalishusha lile turubai nilichome moto, na rula yangu pia.

Hakufa. Alishuka kwenye treni moja alasiri akiwa ameegemea fimbo ya kaka yake, amekonda, kofia imebadilika rangi. Wengine wote walimtazama usoni. Mimi, kwa aibu, nilizunguka nyuma. Nikapima kwa jicho langu la karakana. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, ndiyo, lakini vidole viwili tu. Mimi niliweka kiganja.

Siku ya nne alikuja kwangu na mkewe. Alinishukuru kwa maneno mengi mazuri ya watu wa Maniema, akakaa, akanywa maji, akakohoa, na nikaona kuna jambo.

"Fundi, usikasirike," akasema. "Picha iko muzuri. Lakini minyi siko namna ile. Mabega yangu iko sawa. Umenifanya kama mulemavu."

Nikafungua mdomo ili nikiri kila kitu, mfuko wa unga, uji, karo, yote. Mama akanitangulia.

"Weye utajua wapi?" akamwambia. "Siku gani uliona mugongo yako?"

Yule bwana akamtazama mkewe. Akanitazama mimi. Akafikiria jambo lile kwa makini, kama mtu anayetafuta alipokosea hesabu. Kisha akaegemea fimbo yake, akainuka, akageuka polepole pale uani, akatupa mgongo, akasimama ili tuhakikishe. Mama hakuhakikisha chochote. Alimwendea, na mbele yangu, jambo ambalo halikuwa desturi yao, akaweka kiganja chake kwenye bega la kushoto, akakiacha hapo. Nikaingia ndani kutafuta kiti cha tatu, na nilichelewa kutoka, makusudi.